Fizi–Baraka: Akili bandia katika matunzo ya afya ya akili, inasaidia wapi na inaweza kuumiza wapi

Leo mtu mwenye simu ya kugusa na mega kidogo, akiwa Baraka, Mboko ama Misisi, anaweza kuandikia mashine usiku wa manane: usingizi umekataa, moyo unapiga mbio nikisikia mlio, mume wangu anakunywa lutuku kila siku. Kwa sekunde chache mashine inamjibu kwa maneno ya upole. Haimcheki, haimwambii mtu wa avenyu yake, haidai pesa ya mashauriano. Ni rahisi kuelewa kwa nini jambo hili linavuta watu.

Lakini afya ya akili si kama kuuliza bei ya dagaa. Jibu baya linaweza kumchelewesha mama aliyebakwa, kumtisha mtoto aliyetoka katika kundi lenye silaha, ama kumwacha peke yake mtu anayewaza kufa. Makala hii inaeleza akili bandia ni nini, imefanya nini mahali pengine, na masharti gani yanafaa kuwekwa kabla ya kuiingiza katika vituo vya afya na mashirika ya Fizi.

Akili bandia ni nini

Akili bandia, ile wengi huku wanaita IA, ni programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa maandishi, sauti ama picha nyingi sana. Zile zinazojibu maswali kwenye simu zimesoma maandishi mamilioni na mamilioni, na zinatunga jibu kwa kukadiria neno gani linafaa kufuata neno lingine. Ndiyo sababu zinasema vizuri. Na ndiyo sababu pia zinaweza kusema uongo kwa sauti ya uhakika, maana kazi yao ya kwanza ni kutunga jibu linalofanana na kweli, si kuhakikisha kwamba ni kweli.

Kwa upande mwingine, afya ya akili na tabia si «wazimu» tu. Ndani yake kuna huzuni nzito isiyoisha, woga unaobaki baada ya vita, ulevi wa pombe na bangi, kifafa (ambacho katika vituo vyetu mara nyingi kinatunzwa pamoja na magonjwa haya), na ugonjwa mkubwa wa kusikia sauti ama kuona mambo ambayo wengine hawaoni. Kila moja lina matunzo yake.

Kwa nini Fizi inahusika

Teritware ya Fizi imebeba mengi. Tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia Fizi-centre usiku na makumi ya wanawake walibakwa. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, na tarehe 21 Februari 2011 luteni-kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kesi ilijulikana hata nje ya nchi, lakini hukumu haiondoi ndoto mbaya za usiku.

Tangu mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi wamepokelewa Lusenda, baadaye na Mulongwe. Mwezi wa tano mwaka 2025, mafuriko ya usiku yalipiga kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, kando ya ziwa, na watu zaidi ya 100 walikufa. Juu ya hayo kuna vita vya kila mara katika milima na watu wanaohama na magodoro kichwani.

Watunzaji ni wachache. Hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi katika jimbo, Sosame, inayoongozwa na Mabruda wa Upendo tangu 1994, iko Bukavu, na barabara ya kutoka Fizi hadi huko inapita mahali pengi pagumu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), lililoanza kazi Baraka mwaka 2003, lilitangaza mwisho wa 2020 kwamba linapunguza kazi zake Fizi kwa sababu ya usalama. Kwa hiyo, mtu anapoambiwa kuna mashine inayoweza kusikiliza watu elfu kwa wakati mmoja, jambo hilo linasikika kama jibu la maombi. Hapo ndipo inafaa kutulia na kuangalia vizuri.

Matunzo yanayojulikana kufanya kazi hapa

Kabla ya kuongea juu ya mashine, ni vizuri kukumbuka kwamba Kivu yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2013, utafiti uliotoka katika jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, ulifuata wanawake 405 wa Kivu ya Kusini na Kaskazini waliopitia ubakaji ama kuushuhudia. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikaa katika vikundi wakifundishwa, hatua kwa hatua, namna ya kupambana na mawazo yanayowahukumu wao wenyewe. Mazoezi yalirekebishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyashika kichwani.

Miezi sita baada ya matunzo, waliobaki na dalili za huzuni kubwa ama woga walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 kwa waliopata msaada wa mmoja mmoja. Na walioendesha vikundi hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia, wale tunaita APS, wakongomani waliosoma sekondari, waliofunzwa kazi hiyo na kuwa na wasimamizi juu yao.

Mambo matatu yalibeba matokeo hayo: mtu aliyefunzwa, njia iliyopimwa, na msimamizi anayefuatilia. Chombo chochote kipya kinafaa kupimwa kwa hayo matatu. Kama kinaimarisha moja kati yao, kinaweza kusaidia. Kama kinakuja kuondoa mojawapo, kuna hatari.

Mashine za kusikiliza hazikuanza jana

Mwaka 1966, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa programu inayoitwa ELIZA. Ilikuwa rahisi sana: mtu akiandika kwamba ana huzuni, ilimrudishia maneno yake kama swali. Watu waliona kama inawaelewa. Katibu wake mwenyewe, aliyejua kwamba ni programu tu, alimwomba atoke ofisini ili aongee nayo kwa siri. Weizenbaum alishtuka, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akionya watu juu ya kuiachia mashine kazi zinazohitaji moyo wa binadamu.

Karibu miaka sitini baadaye, onyo lake bado liko. Mwaka 2023, shirika la Marekani linalosaidia watu wenye matatizo ya kula, NEDA, liliondoa roboti lake la kuongea, Tessa, baada ya kugundulika kwamba linawapa watu ushauri wa kupunguza uzito. Yaani lilikuwa linasukuma mgonjwa upande ule ule wa ugonjwa wake.

Kuna pia habari njema. Mwezi wa tatu mwaka 2025, watafiti wa chuo cha Dartmouth walitoa matokeo ya programu yao, Therabot, iliyojaribiwa kwa watu wazima 210. Kati ya waliokuwa na huzuni ya ugonjwa na walioitumia, dalili zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Lakini programu ile ilitengenezwa kwa miaka mingi kwa kazi hiyo moja, na wakati wa jaribio binadamu walikuwa wakisoma mazungumzo ili waingilie kati kukiwa na hatari. Ilijaribiwa Marekani, kwa Kiingereza, kwa watu wenye intaneti. Haiwezekani kuchukua asilimia ile na kuipeleka Kazimia ama Lulimba.

Serikali nazo zimeanza kuweka mipaka. Mwezi wa nane mwaka 2025, jimbo la Illinois huko Marekani lilikataza akili bandia kufanya kazi ya matibabu ya kisaikolojia. Mtaalamu mwenye kibali anaweza kuitumia kwa kazi za ofisi, kama kupanga miadi, lakini uamuzi juu ya mgonjwa unabaki kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani (OMS) nalo lilitoa mwaka 2021 kanuni sita juu ya akili bandia katika afya. Ya kwanza inasema hivyo hivyo: binadamu abaki na neno la mwisho.

Funzo kutoka Kenya

Karibu na sisi, Kenya ina mifano miwili ya kuangalia pamoja.

Mfano wa kwanza: shirika Jacaranda Health lina huduma inayoitwa PROMPTS, ya kuwasaidia wamama wenye mimba na waliojifungua kwa meseji za kawaida, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mama haitaji simu ya kugusa. Akili bandia inasoma swali lake, na ikikuta dalili ya hatari inalipeleka mbele haraka kwa mfanyakazi wa afya anayefuatilia. Mashine inapanga foleni, binadamu anashika kesi nzito.

Mfano wa pili unauma. Ili mashine hizi zisiseme mambo machafu, kuna watu waliosoma na kutazama machafu hayo kwa ajili yake. Mwezi wa kwanza mwaka 2023, jarida TIME la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma maandishi ya ubakaji, mauaji na mateso, kazi iliyosaidia kutengeneza ChatGPT. Katika kesi nyingine ya Nairobi, ya waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook, daktari wa hospitali ya Kenyatta aliwakuta zaidi ya 140 kati yao na ugonjwa unaobaki baada ya mshtuko mkubwa. Yaani chombo kinacholetwa kutuliza kichwa cha mmoja kinaweza kuwa kimeharibu kichwa cha mwingine. Wanaonunua teknolojia hii wana haki ya kuuliza ilitengenezwa namna gani.

Lugha: mahali mashine inapojikwaa

Mashine imesoma Kiingereza nyingi, Kifaransa nyingi, Kiswahili kidogo kuliko hizo. Na Kiswahili ilichosoma ni zaidi kile cha magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, si cha sokoni Baraka. Kibembe, Kibuyu, Kifuliiru ama Kinyamulenge, imekutana nazo kidogo sana.

Katika afya ya akili, lugha ndiyo kipimo. Hakuna damu ya kuangalia kwenye darubini, kuna maneno ya mgonjwa. Mtu wa huku hasemi kwamba ana «huzuni ya ugonjwa». Anasema roho inaniuma, niko na mawazo mingi, kichwa inazunguka. Mwingine anasema tu: nimechoka. APS anayemjua anasikia kama ni uchovu wa shamba ama ni mtu aliyechoka na maisha. Anaangalia macho, anaona kwamba nguo hazijafuliwa, anakumbuka kwamba mtoto wake alikufa mwezi uliopita. Mashine inaona neno moja: nimechoka. Inaweza kumshauri alale mapema.

Vilevile, kuna anayesema amelogwa ama ana mapepo. APS mzuri hamcheki na hamkubalii haraka. Anaongea na familia, anaongea na mchungaji ama shehe, na anahakikisha kwamba maombi hayazuii dawa ya kifafa. Kazi hiyo ya kusuka watu pamoja haifanywi kwa kuandika kwenye simu.

Siri: swali la kwanza, si la mwisho

Mtu akimweleza APS kwamba alibakwa, APS anafungwa na siri ya kazi. Mtu akiandika jambo hilo hilo kwenye programu ya bure, maneno yanasafiri hadi kompyuta za kampuni iliyo mbali, na mara nyingi yanabaki pia ndani ya simu yenyewe.

Huku kwetu simu moja inatumiwa na mume, bibi na watoto. Inapelekwa kuchajishwa kwa jirani mwenye jua. Inauzwa ikiwa bado na mazungumzo ndani. Kwenye bariere inaweza kupekuliwa. Mwanamke aliyebakwa, kijana aliyetoroka kundi lenye silaha, mtu mwenye VVU: hao wote wanaweza kupata hatari kwa sababu ya maneno waliyoandika usiku wakitafuta faraja.

Sheria ipo. Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inaitwa Kode ya Numeriki, inalinda data za watu katika Kongo, na data za afya zinahesabiwa kati ya zile nyeti. Kwa hiyo shirika haliwezi kuchukua fishi za wagonjwa, kuzipiga picha na kuziweka katika programu kwa sababu tu inaandika ripoti haraka.

Kazi gani mashine inaweza kupewa

Kwa mfanyakazi wa afya aliyefunzwa, kuna kazi ambazo akili bandia inaweza kupunguza uzito wake bila kumgusa mgonjwa:

– Kutayarisha rasimu ya kipindi cha redio ama mafunzo kwa RECO juu ya kifafa, pombe ama huzuni, kisha mtaalamu anasahihisha.
– Kufupisha maandishi marefu ya Kifaransa kuwa maneno mepesi, kisha mtu wa lugha anahakikisha.
– Kumpa APS mazoezi: mashine inajifanya mgonjwa wa kubuni, APS anajaribu maswali, msimamizi anaangalia.
– Kupanga takwimu zisizo na jina, kijiji wala tarehe ya kuzaliwa.
– Kumkumbusha muganga hatua za mwongozo wa OMS, mhGAP, uliotengenezwa kwa ajili ya watunzaji wasio wataalamu wa akili. Lakini dozi ya dawa anaisoma katika mwongozo wenyewe, si katika jibu la mashine.

Kazi ambazo haifai kupewa ziko wazi pia: kusema mtu ana ugonjwa gani, kuanzisha ama kusimamisha dawa, kuamua nani apelekwe hospitali na nani abaki, kuhoji mtoto ama mtu aliyebakwa, na kubaki peke yake na mtu anayewaza kujiua.

Maswali ya kuuliza shirika linaloleta programu

Shefu wa kituo, daktari wa zoni ya afya, shirika la raia na wazee wa mtaa wanaweza kuuliza bila kuogopa kuonekana hawajasoma:

1. Nani alijaribu programu hii, wapi, na kwa lugha gani? Je, watu wa Fizi waliisikiliza kabla?
2. Maneno ya mgonjwa yanawekwa wapi, nani anayasoma, na yanafutwa lini?
3. Mgonjwa ameelezwa kwamba anaongea na mashine, na akikataa, anapata matunzo yale yale?
4. Mashine ikikuta hatari, inaita nani kwa jina, na huyo ana uniti na moto wa simu saa nane ya usiku?
5. Network ikikatika, kazi inaendelea namna gani?
6. Ikikosea na mtu akaumia, nani anajibu?
7. Pesa hizi zingelipa APS wangapi, na kwa miezi mingapi?
8. Mradi ukiisha, nani anabaki na wagonjwa?

Swali la saba na la nane ndiyo mara nyingi yanasahauliwa. Fizi imeona miradi mingi inayoanza na gari jipya na kuisha na bango lililopauka.

Kwa mtu aliye nyumbani

Kama unatumia programu ya kuuliza maswali, itumie kama kitabu, si kama muganga. Usiandike jina lako, kijiji chako, jina la aliyekuumiza wala kundi lake. Futa mazungumzo. Usianze wala kuacha dawa kwa sababu simu imesema, hasa dawa ya kifafa: kuiacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka kubaya.

Aliyebakwa asipoteze saa akiongea na simu. Afike kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Na hata kama muda umepita, aende: bado kuna matunzo.

Mtu akisema anataka kufa, ama akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru, mwite mtu anayemwamini na mpeleke kituo cha afya, hata usiku.

Na kwa kila jirani aliyepata mshtuko, OMS inafundisha maneno matatu ambayo hayahitaji network: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na anahitaji nini. Sikiliza bila kumlazimisha aeleze yote. Muunganishe na familia, na chakula, na kituo cha afya. Siku moja mashine inaweza kusaidia APS wa Baraka kuandika ripoti yake kwa nusu saa badala ya saa tatu. Saa zile zitakazobaki, ni za kwenda kukaa na mgonjwa.